King'ora cha Mlangoni

Chama cha Wavumbuzi kilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza iliandikwa ukutani kwa chaki, nayo ilimtaka kila mwanachama anawe mikono kabla ya kugusa hadubini. Hadubini yenyewe haikuwepo. Mwalimu mkuu aliwaahidi kuinunua, mwaka ambao hakuna tena aliyeukumbuka. Ya pili haikuandikwa popote, na kama ilivyo kwa sheria nyingi za namna hiyo, ndiyo iliyofuatwa: kipya hula cha zamani.

Chama hakikuwa na fedha. Kilikuwa na boksi moja la vipuri na stoo ya mipira ya shule waliyopewa kwa huruma. Basi kila walipotaka kuunda kitu kipya iliwabidi wakifungue cha zamani. Feni ya kukaushia ubao ilitoa mota yake kwa ajili ya mashine ya kuchongea penseli. Mashine ya kuchongea penseli nayo ikafunguliwa mwezi uliofuata, ikawa gari dogo la kubeba chaki, na gari lile likaenda hadi mlangoni likakata roho. Hakuna aliyelilia. Walikuwa wameshaanza kuligawana magurudumu.

Wanachama wa kudumu walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa msichana wa darasa la saba aliyeitwa Waya, kwa wembamba wake na kwa sababu mfuko wake haukukosa kipande cha waya. Makamu wake alikuwa Profesa, mvulana aliyeweza kukueleza jambo lolote ulilomuuliza, na mengine mengi ambayo hukumuuliza. Wa tatu alikuwa binti mdogo wa darasa la tatu, naye aliitwa Kwanini. Jina hilo alijipatia kwa jasho lake.

Stooni humo kulikuwa pia na vitabu, vikuukuu, vilivyoachwa na mwalimu aliyehama. Vyote vilikuwa vya hadithi za watoto wavumbuzi. Watoto hao walitengeneza nyambizi kwenye banda la nyuma ya nyumba, wakawanasa majambazi kwa redio ya kujiundia, wakarudi nyumbani chakula kikiwa mezani, na hakuna mzazi aliyeuliza walikuwa wapi. Waya alivisoma mpaka vikalegea uti. Hakukutana hata na mtoto mmoja aliyetumwa dukani. Vingi vilikuwa vimeng'oka kurasa za mwisho, kwa hiyo mwisho waliutunga wenyewe: mashine inalia, watu wanapiga makofi.

Kitu kimoja tu kati ya vyote walivyounda hakikuwahi kuliwa na kingine. Nacho ni king'ora cha Babu.

Babu, baba wa baba yake Waya, alikuwa fundi wa pampu kwenye mtambo wa maji nje ya mji. Alistaafu kabla Waya hajazaliwa. Lakini mwaka juzi akili ilianza kumponyoka kidogo kidogo, na jambo la kwanza kusahau lilikuwa hilo la kustaafu. Alikuwa akiamka, anavaa kofia yake ya kaki, anatoka kwenda kazini. Mara ya kwanza walimkuta sokoni, anawafokea wauza nyanya wafunge maji. Mara ya pili walimpata nusu ya njia ya kwenda mtamboni, peku, lami ikiwa imemchubua nyayo.

Baba yake Waya alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kupiga simu kutoka mipakani. Nyumba ilikuwa mikononi mwa Mama. Mama alikuwa fundi cherehani, na baada ya mara ile ya pili alikivuta cherehani chake hadi mlango wa mbele, akawa anashonea hapo, jicho moja kwenye sindano na jingine kwa baba mkwe. Mlangoni hapo palikuwa na giza, maana ukuta wa jirani ulikuwa umelikinga jua. Mishono ikaanza kwenda kombo. Macho yakawa yanamtoka machozi hadi usiku. Wateja wawili wakahamia kwa fundi mwingine, na mmoja wao hakuona haya kusema kwa nini.

Hapo ndipo chama kilipofanya kazi yake ya maana. Waya alipata kwa wabomoa magari kile kidude kinacholia lori likirudi nyuma. Akakifunga juu ya mlango ndani ya boksi la plastiki, pamoja na betri, na taa nyekundu ya kuonyesha kwamba betri ina nguvu. Mlango ukifunguliwa tu, king'ora kinalia nyumba nzima.

Siku ya kwanza kilipolia, Mama alikimbia akamkuta Babu amesimama kizingitini. Babu alisikiliza. Kisha akavua kofia, akaitundika kwenye msumari.

"Zamu imekwisha," akasema, akarudi kitandani kwake.

Mtamboni, king'ora ndicho kilichowaambia mafundi kwamba mwenzao amefika kuwapokea na sasa wanaweza kwenda nyumbani. Kwa hiyo kidude kile cha lori hakikumwita Mama tu, kilimgeuza Babu mwenyewe. Jambo hilo Waya hakulipigia hesabu, lakini sifa alizichukua. Wiki haikuisha Mama akawa amekihamishia cherehani chumba cha nyuma, kwenye dirisha kubwa.

"Mwanangu," alimwambia, "umenirudishia macho yangu."

Waya hakuwahi kupewa zawadi iliyompendeza kama maneno hayo. Aliyarudia kichwani akiwa darasani, akiwa bombani, akiwa anaoga.

Sasa yakaja maonyesho ya vilabu vya sayansi, Jumamosi, katika ukumbi wa mji. Chama cha Wavumbuzi kilikuwa na kifaa chake tayari, jina lake Mlinzi wa Tangi. Ilikuwa ndoo yenye boya ndani: maji yakijaa boya linapanda, linaunganisha waya mbili, na king'ora kinalia ili mwenye tangi akimbie kufunga bomba. Ijumaa mchana Profesa aliona sauti haitoshi. Akaongeza betri. King'ora kilipiga ukelele mmoja, kikatoa moshi, kikanyamaza.

"Kimekufa kishujaa," Profesa akasema.

"Kwa nini uliongeza betri?" Kwanini akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Hakuna pia aliyemtazama Waya, na jinsi walivyojikaza wasimtazame ilikuwa kumtazama tosha. Mjini humo kulikuwa na king'ora kimoja tu ambacho wangekipata kabla ya kesho asubuhi.

"Ni asubuhi tu," Profesa akasema hatimaye, akiisemesha ndoo. "Adhuhuri unakirudisha. Mama yako si atakuwepo?"

"Atakuwepo."

"Na Babu si hulala mpaka mchana akinywa zile dawa?"

"Hulala."

Yote hayo yalikuwa kweli, na Waya alikuwa ameshayawaza kabla hajaambiwa.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, alipanda juu ya kigoda na bisibisi yake. Chumba cha nyuma cherehani kilikuwa kinakwenda kasi. Mama alikuwa na sare za shule za kumaliza. Skrubu zilitoka bila ubishi. Waya akakitoa king'ora, akakitia mfukoni. Kisha akaziona waya mbili zinaning'inia, na taa nyekundu, ambayo umeme wake ulipitia kwenye king'ora, imezimika.

Mama alikuwa na mazoea ya kuitupia jicho taa ile kila alipopita, kama watu wengine wanavyoitupia jicho saa ya ukutani. Angeikuta imezimika angeuliza. Basi Waya akazisokota waya zile pamoja, taa ikawaka, akafunika boksi. Akajiambia kwamba hamdanganyi Mama, anamwepusha na wasiwasi. Mtu akianza kujitetea kichwani mwake kabla hajashtakiwa, jua kesi ipo.

Aliufungua mlango. Ulifunguka kimya, na kimya hicho kilimshtua, maana alikuwa ameusahau mlango usiolia. Nyuma yake, chumbani kwa Babu, mtu akakohoa.

Waya alisikia. Alisimama kidogo, mkono kwenye kitasa. Akaamua kwamba hicho ni kikohozi cha usingizini, akaenda zake.

Ukumbini mambo yalinyooka ajabu. Vilabu vingine vilileta milima ya moto ya udongo na mifumo ya jua ya machungwa, lakini Mlinzi wa Tangi alikuwa na sauti. Kila Kwanini alipomimina jagi la maji, king'ora kililia na watu wakasogea. Waya peke yake ndiye ambaye hakufurahi. Kila kilipolia alijikuta amegeuka kuutazama mlango wa ukumbi. Mwili wake ulikuwa umezoea: sauti hiyo ni Babu yuko kizingitini.

Mmoja wa majaji, mama mhandisi mwenye miwani, aliinama akakitazama kile kidude.

"Hiki mmekipata wapi?"

"Kwenye lori bovu," Profesa akajibu haraka.

Ilikuwa kweli. Mhandisi akaandika kitu, akatabasamu, akapita kwenye meza ya pili. Profesa akamkonyeza Waya. Waya alikuwa anamtazama dereva wa teksi, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa gari mkononi, anawatafuta.

"Waya, twende," dereva akasema alipofika. "Babu yako haonekani."

Profesa aliibeba ndoo bila kuambiwa, kwa kuwa mali ya chama haiachwi ovyo, na Kwanini akapanda kwa sababu hakuna aliyemkataza. Ndani ya gari dereva akawaeleza. Mama alitoka mara moja tu, kama saa tano hivi, kukimbilia vifungo duka la pale kona. Aliporudi alipita chumbani kwa Babu akakuta kitanda kitupu. Kwa hiyo mzee ametoka katika zile dakika chache.

"Muda wote mwingine mama yako yupo, na king'ora hakikulia," dereva akasema. "Hilo ndilo linalotupa moyo. Hajafika mbali. Yuko mitaa hii hii, mtaa wote unamtafuta. Tumechungulia hadi kwenye mitaro."

Waya akatazama nje. King'ora hakikulia tangu saa mbili, na sasa ilikuwa saa saba kasoro. Mtu mzima mwenye miguu yake anaweza kufika mbali kiasi gani kwa muda huo? Aliijua barabara ya mtamboni. Aliyajua pia matangi ya huko, yale makubwa ya wazi ambamo maji hutulizwa matope yazame, kwa sababu Babu alimpeleka kuyaona alipokuwa na miaka mitano, akamshika mkono kwa nguvu muda wote. Kuta zake upana ni wa nyayo mbili. Akamwambia: ukianguka humu, mjukuu wangu, usipige kelele, utamaliza pumzi bure.

"Rudisha tu kimya kimya," Profesa akamnong'oneza sikioni. "Wakiwa wanatafuta, wewe unapanda kigoda. Nani atajua?"

Katika vile vitabu hivyo ndivyo wangefanya, na lingekuwa jambo la kuchekesha.

Uani kwao walimkuta Shangazi. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba yake Waya, na sauti yake ilikuwa imefika barabarani kabla yake mwenyewe.

"Nyumba moja, mzee mmoja!" alikuwa anasema. "Wifi, kazi yako ni hiyo moja! Mdogo wangu yuko njiani anakesha kwenye usukani, amekuachia baba yetu, wewe unakwenda kununua vifungo!"

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi, tepu ya kupimia bado iko shingoni. Hakujitetea.

"Labda kililia sikusikia," Mama akasema taratibu. "Wifi, labda kililia nikiwa ndani. Cherehani kile kina makelele. Nimekuwa kiziwi kwa ajili ya sare za watu." Akageuka akaitazama ile taa nyekundu juu ya mlango. "Lakini si inawaka? Tazameni. Inawaka."

Waya aliitazama pamoja na wengine. Ilikuwa inawaka vizuri sana.

"Tuangalie mtamboni," akasema.

"Mtamboni!" Shangazi akamgeukia. "Huko hata kijana hafiki kwa muda huo, sembuse mzee anayevuta miguu. Usitupotezee gari, mwanangu. Gari linazunguka hapa karibu."

"Lakini yeye huwa anakwenda huko..."

"Huwa anakwenda, leo hajafika. Mama yako katoka saa tano. Hesabu hamfundishwi?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari aelekee upande wa sokoni. Waya alijaribu kutafuta sababu nyingine ya kuwapeleka mtamboni, sababu yoyote isiyokuwa ile ya kweli, na akagundua kwamba kichwa chake, kilichosifiwa shule nzima kwa uvumbuzi, hakina kitu. Akamtazama Mama. Mama alikuwa anaukunja na kuukunjua ule mkanda wa kupimia, macho mekundu, amekubali kosa ambalo si lake.

Waya akamnyang'anya Profesa ndoo, akaiweka chini mbele ya Mama.

"Kiko humu," akasema.

"Nini?"

"King'ora. Nilikitoa asubuhi, saa mbili. Nikaunganisha waya ili taa iwake. Mama, hukuwa kiziwi. Hakikulia kwa sababu hakikuwepo. Babu anaweza kuwa ametoka saa mbili. Nilimsikia anakohoa."

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Hawakusema mjukuu mwenyewe akijuta aitweje.

Mama alikitazama kile kidude cheusi kilichobandikwa ukingoni mwa ndoo. Kisha akamtazama Waya, na Waya alitamani apigwe, lifike na lipite. Mama hakumpiga. Alisimama, akaenda kwenye teksi, akafungua mlango wa mbele. Watoto wakajibana kiti cha nyuma, ndoo mapajani mwa Profesa.

"Mtamboni," akamwambia dereva. "Kimbiza."

Getini mtamboni walimkuta mlinzi mgeni kazini, kijana mwenye sare iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Ndiyo, mzee mmoja amepita, amevaa kofia ya kaki. Hapana, hakumzuia. Mzee alimuuliza kwa nini amesimama kizembe, akamwamuru afunge kifungo cha juu, akasema anakwenda kuangalia pampu ya tatu.

"Nilidhani ni mkaguzi," mlinzi akasema. "Nilimpigia saluti."

Waya akawa ameshakimbia. Nyuma yake maji yalikuwa yanapigapiga ndani ya ndoo. Profesa alikuwa anakimbia nayo, maskini, amesahau hata kuimwaga.

Babu alikuwa katikati ya ukuta unaotenganisha matangi mawili. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, kama mtu aliye lindoni, na kulia kwake maji na kushoto kwake maji, ya kijani, mazito, hayana hata wimbi. Jua lilikuwa la utosini. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine haukuwa nacho, na pale aliposimama sementi ilikuwa na madoa mekundu. Alikuwa anayumba.

"Baba!" Mama akaita. "Baba, rudi, tafadhali! Ni mimi mkweo!"

Babu akageuza kichwa, akakunja uso.

"Wageni hawaruhusiwi huku!" akapaza sauti, na akapiga hatua moja kurudi nyuma, mbali nao. Kisigino kikatokeza nje ya ukuta. Mama akajiziba mdomo.

Dereva alivua viatu.

"Usiende," Waya akamwambia. "Atarudi nyuma zaidi."

"Sasa tufanyeje? Anatusikia lakini hataki."

"Yuko zamu. Hawezi kuondoka mpaka apokewe."

Alipiga magoti kando ya ndoo. Safari ya gari ilikuwa imeikata waya moja; akaing'ata ncha kwa meno, akaivua ngozi yake, akaibandika kwenye betri kwa kidole gumba. Kwa mkono wa pili akalishika boya, akalinyanyua.

Kililia. Kililia juu ya maji yale yote, sauti ya lori linalorudi nyuma, sauti ya mlangoni kwao. Babu akasikiliza. Kichwa akakiinamisha upande. Waya hakuthubutu kukitoa kidole, ingawa waya ilikuwa imeanza kupata moto.

Babu akavua kofia. Akaitafutia msumari hewani, hakuuona, akaikumbatia kifuani. Kisha akaanza kuja, hatua kwa hatua, katikati ya ukuta, kama alivyouvuka maisha yake yote ya kazi. Dereva alimdaka hatua mbili kabla hajafika mwisho, akambeba.

Walimlaza kivulini. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Mama akamnywesha maji kidogo kidogo kwa kiganja. Babu akawatazama wote, mmoja mmoja, hakumjua hata mmoja, mpaka macho yake yakaifikia ile ndoo na msichana aliyepiga magoti karibu nayo, kidole mdomoni.

"Kumbe ni wewe ndiye wa zamu," akamwambia.

"Ndiyo, mzee," Waya akasema.

"Umechelewa kunipokea." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu. "Umechelewa sana, kijana. Nimesimama tangu asubuhi."

"Nisamehe."

"Jua kali," Babu akasema, akafumba macho.

Alilazwa siku kadhaa kwa ajili ya nyayo na upungufu wa maji mwilini, akarudi nyumbani amepungua, anatembea kwa kushika ukuta. Shangazi alikuja na supu kila siku. Kwa Mama hakuomba radhi, si mtu wa hayo, lakini alizipiga pasi sare zote za wateja bila kuombwa. Baba alipiga simu, akazungumza na Waya muda mrefu, na Waya akajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo. Profesa alileta cheti cha ushiriki kutoka kwenye maonyesho. Kilikaa juu ya kabati, kifudifudi.

King'ora Waya alikirudisha Jumamosi ile ile. Alitumia skrubu mpya na waya nzima isiyo na kiungo, akaufungua mlango, kikalia. Akaufunga, akaufungua tena, kikalia. Mama alitoka chumba cha nyuma, akasimama akasikiliza.

"Kinalia vizuri," akasema.

Jioni ya siku aliyorudi Babu, Waya alitoka shule na wenzake wawili. Walipofika walishindwa kuingia. Cherehani kilikuwa kwenye mlango wa mbele, kimeegeshwa pale pale pa zamani, kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, na Mama ameinama juu yake, pua inakaribia kugusa kitambaa. Juu ya kichwa chake taa nyekundu ilikuwa inawaka.

"Mama," Waya akasema, "kinafanya kazi. Nimekifunga mwenyewe. Ukitaka nakijaribu tena mbele yako."

"Najua, mwanangu." Mama alimwinulia macho, na hayakuwa na kisirani hata chembe. Laiti yangekuwa nacho. "Najua kinafanya kazi."

Akarudi kwenye mshono wake.

"Kwa nini mama yako amerudi kwenye giza?" Kwanini akauliza.

Profesa, mwenye majibu ya kila kitu, alianza kutazama viatu vyake. Swali la Kwanini lilikuwa halijibiwi, hiyo ilikuwa desturi ya chama.

"Kwa sababu yangu," Waya akasema.

Uzi ulikuwa umekatika. Mama alilamba ncha, akaisogeza kwenye tundu la sindano, akakosa. Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akajaribu tena, akakosa. Waya akaweka mkoba chini, akapiga magoti kando ya cherehani, akauchukua uzi kwenye vidole vya Mama. Akautunga mara moja, kwa macho yake mazima, kisha akaketi hapo hapo kizingitini angoje ukatike tena.